Pikipiki ya Umeme: Mbele ya Kuuza Ile ya Zamani, Tuhesabu



Tangu majuma matatu hapa shuleni hakuna habari ingine. Kwenye bomba la maji, kwenye refektware, hata kwenye mustari asubuhi, watu wanazungumza juu ya pikipiki ya umeme. Kila mtu anajua shauri la Komite ya wazazi: kuuza pikipiki yetu ya petroli, kuongeza juu yake sehemu ya minervali ya mwaka huu, na kununua pikipiki mupya inayotembea kwa batri, isiyo na moshi na isiyo na makelele. Bei yake si kubwa sana. Komite itakata shauri mwisho wa mwezi huu.

Nianze kwa kusema kweli. Siku ile mfanyabiashara alipoileta hapa na kuiacha siku mbili ili tuijaribu, mimi nilikuwa mtu wa kwanza kupiga mikono. Mimi ni wa seksio ya sayansi, na napenda kitu cha mupya kama wenzangu wote. Lakini kisha nilipata bahati ya kupanda nyuma yake pamoja na Bwana Ekonome hadi mjini na kurudi, na mwalimu wetu wa fizike alitufundisha kuandika hesabu yake kwenye ubao. Nyuma ya hesabu ile, mikono yangu ilinyamaza. Sisemi kwamba pikipiki ile ni mbaya. Hapana. Nasema kwamba tunataka kuinunua kwa namna mbaya. Naomba wakubwa wanisikilize kwa uvumilivu, na wenzangu wasinipigie kelele mbele ya kumaliza kusoma.

1. Safari ya karatasi na safari ya barabara

Karatasi ya pikipiki imeandikwa kwa herufi kubwa: kilometre 100. Toka hapa hadi mjini Likasi ni kilometre 27, kwenda na kurudi ni 54. Basi kila mtu alisema: "Njo vizuri! Tutaenda, tutarudi, na nusu ya batri itabaki." Lakini chini ya karatasi kuna maneno mengine, kwa herufi ndogo kama sisimizi: mtu mmoja, mwendo wa kilometre 30 kwa saa, barabara tambarare. Je, nani katika shule hii anajua barabara tambarare ya kwenda mjini?

Sisi tulifanya hivi. Batri ilikuwa imejaa kabisa. Bwana Ekonome ana kilo 70, mimi nina kilo 58. Tulishuka hadi mtoni, tukapanda ng'ambo, tukafika mjini bila shida, na kwa kweli nilifurahi sana: moteri hainguruми hata kidogo, unasikia ndege wakiimba na upepo kwenye masikio. Tukanunua karatasi, chaki, na gunia la unga la kilo 25. Tukarudi. Kwenye mlima wa mto, pikipiki ilianza kutembea pole kama mzee anayetoka shambani. Kilometre ya 52 ilisimama. Haikuzimika kwa kishindo. Ilisimama tu, kimya, kama mtu aliyemaliza maneno yake.

Tulisukuma kilometre mbili zilizobaki. Kijana mmoja mwenye baisikeli ya makala alitupita na kucheka: "Papa, moto yenu ilikufa? Muipe bukari kidogo, itasimama!" Bwana Ekonome hakujibu kitu. Mimi nilikuwa na gunia kichwani.

Sasa hesabu. Batri ile ni ya volti 72 na ampere-saa 30. Ukizidisha moja kwa ingine unapata wati-saa 2.160. Hii ndiyo mali yote iliyo ndani. Karatasi inasema kilometre 100, maana yake wati-saa 21 na kidogo kwa kila kilometre. Lakini batri haitoi mali yake hadi tone la mwisho. Mashine inajizima yenyewe mbele, ili batri isiharibike. Tukisema tulitumia 2.000 kwa kilometre 52, ni karibu wati-saa 38 kwa kilometre. Karatasi haikusema uongo, ndugu zangu. Ilisema kweli ya barabara ingine, ya mtu mwingine, mwembamba, asiye na gunia na asiye na haraka.

Na batri ile ilikuwa mupya. Kila batri inazeeka. Batri nzuri ya litiumu inaweza kujazwa mara elfu moja na zaidi, lakini nguvu yake inapungua pole pole. Siku itakapobaki na sehemu 80 kwa 100, zile kilometre 52 zitakuwa kama 42. Hapo hatutasukuma kilometre mbili, tutasukuma 12.

2. Juu ya uzito

Mwalimu wa fizike alituuliza swali moja: sababu gani ilichoka kwenye mlima wa mto, si kwenye tambarare? Jibu liko katika somo letu la nguvu na kazi, lile tunalosinzia ndani yake.

Pikipiki yenyewe ina kilo 105 pamoja na batri yake ya kilo 19. Weka Bwana Ekonome, weka mimi, weka gunia: jumla kilo 258. Kupandisha kilo 258 juu kwa metre 100 kunaomba wati-saa 70. Na kwa sababu moteri na minyororo vinapoteza kidogo njiani, batri inatoa karibu 88. Kwenye tambarare, mali ile ile ingetupeleka karibu kilometre tatu. Basi andikeni kanuni hii katika daftari zenu: kwa mzigo kama wetu, kila metre 100 za kupanda zinakula kilometre tatu za tambarare. Wakati wa mvua, matope yanaongeza deni lingine juu yake.

Wengine watasema: pikipiki ya petroli nayo inachoka kwenye mlima. Ndiyo, ni kweli. Lakini tofauti iko hapa. Lita moja ya petroli haifiki hata kilo moja, na ndani yake kuna karibu kilowati-saa 9. Batri ya kilo 19 ina kilowati-saa 2 na kidogo tu. Moteri ya petroli ni mharibifu mkubwa: sehemu moja kwa tano hivi ndiyo inafika kwenye gurudumu, ao chini yake, zingine zote ni joto na moshi. Moteri ya umeme inafikisha sehemu nne kwa tano ao zaidi. Kwa akili ya moteri, umeme unashinda bila shaka. Lakini kwa kubeba akiba, petroli inashinda mbali sana.

Niliomba Bwana Ekonome anionyeshe daftari yake. Pikipiki yetu ya zamani, kwa safari ya mjini na kurudi pamoja na mzigo, inakunywa lita moja na nusu. Tangi yake ni ya lita 10. Sasa fikirini vizuri. Batri ile yote, ikijaa hadi juu, inafanya safari moja ya mjini, na hata haimalizi. Maana yake tunanunua pikipiki yenye tangi ya lita moja na nusu. Kama mtu angetuletea pikipiki ya petroli yenye tangi kama chupa ya maji, tungemfukuza. Lakini kwa sababu ni ya umeme, tunapiga mikono.

Kuna neno lingine la uzito. Karatasi inasema mzigo usipite kilo 150. Tuweke neno hili akiba; nitalirudilia.

3. Juu ya kujaza batri

Sharjeri yake inatoa wati 500. Toka batri tupu hadi batri kamili ni karibu saa tano, na fakture itaonyesha kilowati-saa 2 na nusu, juu ya ile inayopotea njiani. Kwa upande wa bei hakuna mashindano. Kila mmoja ajue bei ya lita moja na nusu kwa Kadafi wake wa njia panda, na bei ya kilowati-saa 2 na nusu kwenye fakture, alinganishe mwenyewe. Zaidi ya ile, hakuna mafuta ya moteri ya kubadilisha, hakuna buji, hakuna karburata ya kusafisha kila juma. Hapa mimi ni pamoja na Komite mia kwa mia.

Lakini umeme wetu unakuja saa ngapi? Kila mwanafunzi wa interna anajua. Mchana ni delestaje. Siku za wema umeme unakuja saa tano ya usiku, na unaondoka saa kumi na moja ya asubuhi. Ni saa sita. Batri inaomba saa tano. Inatosha, lakini inatosha kama shuka fupi: ukivuta kichwani, miguu inabaki nje. Na siku zingine umeme unakuja mwekundu, taa zinang'aa kama sigara, na sharjeri inajizima ao inafanya kazi nusu. Na siku zingine hauji.

Wengine wanasema: tutajaza kwa grupu ya shule. Ndugu, hapa naomba tuhesabu pamoja, juu shauri hili linaonekana kuwa na akili lakini halina. Grupu ndogo ya petroli, kwa kutoa kilowati-saa 2 na nusu, inakunywa lita moja na nusu ao zaidi. Lita moja na nusu! Ni ile ile ambayo pikipiki ya zamani inatumia kwenda mjini na kurudi. Basi tutachoma petroli ile ile, tutasikia makelele yale yale, tutangoja saa tano, na mwisho tutafika kilometre 52. Ni kama mtu anayetoka mlangoni, anazunguka nyumba, na kuingia kwa dirisha.

Jua ni shauri bora. Plake mbili za wati 300 kila moja, siku ya jua nzuri, zinaweza kutoa karibu kilowati-saa 3 mbele ya kupoteza kitu kwenye waya na vyombo. Inatosha kwa batri moja kwa siku. Lakini plake zinafanya kazi mchana, na mchana ndio saa ambayo pikipiki iko barabarani. Hamuoni shida? Batri iko mjini, jua liko hapa.

Mtoto wa Katanga hahitaji kufundishwa maneno haya. Waya kubwa inayoleta umeme toka Inga hadi Kolwezi ilimalizika mwaka 1982. Urefu wake ni karibu kilometre 1.700, na nguvu yake ni volti 500.000. Inapita juu ya vijiji vingi sana ambavyo usiku vinawasha mishumaa. Umeme kuwa juu ya kichwa chako si sawa na umeme kuwa mkononi mwako. Petroli, hata iwe ya gali namna gani, inaingia katika chupa, na chupa inatembea.

4. Usiku wa dada yetu

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu. Bila neno hili, ningenyamaza.

Mtakumbuka mwaka wa shule uliopita, siku moja ya posho. Mchana ule pikipiki ilikuwa mjini. Saa tatu ya usiku dada yetu mmoja wa mwaka wa pili alikamatwa na tumbo. Mganga wa posti alimtazama mara moja tu na kusema: "Huyu apelekwe sasa hivi." Pikipiki yetu ya zamani, tuseme kweli, ilikuwa karibu kavu, safari ya mchana ilikuwa imemaliza petroli. Muzee sentineli alikimbia hadi njia panda, akaamsha Kadafi, akapewa lita mbili kwa deni. Dakika ishirini hazikupita, walikwisha kuondoka: dereva mbele, dada yetu katikati, Mama wa interna nyuma akimshika. Usiku ule ule walimpasua. Munganga wa hospitali alisema kwamba kungoja hadi asubuhi kungekuwa hatari kubwa. Leo dada yetu yuko darasani, anasoma, labda anasoma ukurasa huu.

Weka pikipiki ya umeme mahali pa ile ya zamani, na usibadilishe kitu kingine. Siku ya posho, safari ya mjini imemaliza batri. Saa tatu ya usiku batri ni tupu. Umeme unakuja saa tano, kama unakuja. Kwa watu watatu, kufika mjini tu, bila kurudi, nimehesabu wati-saa 45 kwa kilometre. Mara 27 ni zaidi ya 1.200, maana yake sehemu sita kwa kumi za nguvu yote. Sharjeri ile itafika pale karibu saa saba na nusu ya usiku. Toka saa tatu hadi saa saba na nusu, dada yetu angelala wapi? Na Kadafi wa kuamshwa, mwenye chupa ya umeme ya kukopesha, anakaa njia panda gani?

Tena ule uzito niliosema tuweke akiba. Dereva kilo 65, mgonjwa 50, Mama anayemshika 60: jumla 175. Karatasi inasema 150. Najua, pikipiki ya petroli nayo haikufanywa kwa watu watatu, na sisi wote tunavunja sheria ile kila siku. Lakini mgonjwa anayezimia hawezi kushikwa na upepo. Mtu anayenunua pikipiki kwa shule yenye interna anunue kwa ajili ya usiku ule, si kwa ajili ya mchana wa kupiga picha.

5. Yale wenzangu wanasema

Rafiki yangu mmoja wa darasa, tunayeketi naye benchi moja, aliniambia: "Weye uko mutu wa zamani. Angalia Kigali!" Nilimjibu kwamba nimeangalia. Kule Kigali kampuni ya Ampersand ilianza kuweka pikipiki za umeme barabarani mwaka 2019, na toka mwezi wa kwanza wa 2025 serikali ya Rwanda haiandikishi tena pikipiki mupya ya petroli kwa kazi ya taksi katika mji ule. Ni kweli na ni kazi nzuri. Lakini muangalie namna wanavyofanya. Motari wa Kigali hangoji saa tano kando ya ukuta. Anafika kwenye stasio, anatoa batri tupu, anapewa ingine iliyojaa, na kwa dakika chache yuko tena barabarani. Batri si yake. Ni ya kampuni, yeye analipia nguvu tu. Kwa hiyo uzee wa batri haumhusu, na urefu wa safari haumtishi. Siri ya Kigali si pikipiki. Siri ya Kigali ni batri ya pili inayokungoja. Je, kati ya shule yetu na Likasi kuna stasio ngapi? Hata moja.

Mwingine alisema: "Lakini kobalti ni yetu! Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Ni aibu sisi kukosa kupanda kitu kilichotoka Kolwezi." Neno hili linagusa moyo, na mimi pia lilinigusa. Lakini pikipiki nyingi za bei nafuu zinatumia batri ya litiumu ya aina ya chuma na fosfati, na ndani yake hakuna kobalti hata punje moja. Ile tuliyojaribu ni ya aina hii. Ni batri nzuri, inadumu, na haishiki moto kwa urahisi kama zile zingine. Shaba ya waya zake labda ni ya kwetu. Lakini tusinunue kitu juu ya fahari ya kitu kisichokuwa ndani yake.

Wa tatu alisema: "Petroli ya chupa mara nyingi inachanganywa na maji ao petroli ya taa, inaua moteri." Kwa huyu sina jibu. Ana haki. Ndiyo sababu sitaki tubaki na petroli milele.

6. Shauri langu

Basi mimi nataka nini? Nasema kwa wazi, ili mtu asiseme kwamba nilizunguka.

Kwanza: tusiuze pikipiki ya zamani. Inatoa moshi, inakataa kuwaka asubuhi ya baridi, kiti chake kimeshonwa mara tatu. Lakini usiku inaweza kuamshwa, na petroli inaweza kukopwa. Ibaki kwa wagonjwa na kwa safari ndefu, na lita tano zikae daima chini ya ufunguo wa sentineli, ili tusimwamshe tena Kadafi.

Pili: tununue pikipiki ya umeme, lakini pamoja na batri mbili, si moja. Batri moja iwe barabarani, ingine iwe kwenye ukuta ao kwenye plake za jua. Hapo shida ya jua la mchana inakwisha, na sisi tutakuwa na Kigali kidogo hapa kwetu. Kwa safari ya mjini, batri ya pili ibebwe kwenye kiti cha nyuma. Ni kilo 19, haifiki hata gunia la unga.

Tatu: kama feza haitoshi kwa batri mbili bila kuuza ile ya zamani, basi tungoje mwaka mmoja. Najua neno hili ni chungu. Wanafunzi wa mwaka wa nne watatoka mbele ya kuiona. Hata mimi labda nitakuwa ninafanya egzame ya Serikali siku ile itakapofika. Lakini pikipiki itakayofika mwaka ujao na batri mbili ni bora kuliko ile itakayofika mwezi ujao na kutuacha usiku mmoja tu.

Nne: mbele ya kulipa hata franka moja, Komite iulize mfanyabiashara maswali haya, na majibu yaandikwe kwa kalamu. Volti ngapi na ampere-saa ngapi? Zidisheni wenyewe, musisome kilometre kwanza. Batri ni ya aina gani? Kama ni ya risasi, ile ya zamani kama ya motokari, kwa nguvu ile ile itakuwa na kilo 55 ao zaidi, na itazeeka mapema, iacheni. Inatoka kwa urahisi ili kubebwa, ao imefungwa ndani? Inabeba kilo ngapi? Batri ya pili ni bei gani, na nyuma ya miaka mitatu itapatikana wapi? Sharjeri inakubali umeme wa volti ngapi ukiwa mwekundu? Asiyeweza kujibu maswali haya hauzi pikipiki, anauza karatasi.

Na mwisho, jaribio lifanywe tena, safari hii wakati wa mvua, na watu watatu juu yake, hadi mlango wa hospitali. Mimi niko tayari kupanda katikati na kuwa mgonjwa. Kama itafika, nitaandika katika gazeti lijalo kwamba nilikosea, na wenzangu watanicheka kwa haki.

Kwa heshima yote kwa Bwana Prefe, kwa Bwana Ekonome aliyenichukua safarini, na kwa wazazi wetu wanaotafuta mema ya shule: feza hii ni ya mahindi na makala mliyouza ili sisi tusome. Musiitumie kununua kilometre zilizoandikwa kwenye karatasi. Nunueni zile zilizo kwenye barabara yetu.

Mwenye mawazo mengine asinune pembeni. Aandike, ampe mwalimu wa fizike mbele ya siku ya tano, nayo itapigwa katika gazeti lijalo. Lakini alete hesabu, si makelele.

Ni mimi mwanafunzi mwenzenu,
mwaka wa tatu, seksio ya sayansi